Anti, nina akaunti saba na wateja wananikimbia

Shikamoo Anti,

Mi ni fundi cherehani, niko Kihonda hapa Morogoro, nina miaka 29, nina mume na mtoto mmoja wa miaka mitatu. Nashona magauni ya sendoff, ya kitchen party, sare za harusi na vitenge vya kawaida vya kwendea kanisani. Kazi naijua Anti, nimeshika cherehani tangu niko fomu tuu kwa mama yangu mdogo na hadi leo nguo yangu hairudi kurekebishwa mara mbili. Shida yangu haiko kwenye kushona, iko kwenye simu.

2021 nilifungua Instagram nikawa naweka picha za kazi zangu taratibu, watu kama 400 hivi, wengi nawajua, na oda zilikuwa zinakuja. Mwaka juzi rafiki yangu mmoja anayeuza vipodozi akaniambia dunia ya sasa lazima uwe kila mahali, mtu akigeuka huku akuone, akigeuka kule akuone. Nikaingia TikTok, nikafungua ukurasa Facebook, nikaweka WhatsApp Business, nikafungua YouTube, X, ilipokuja Threads nayo nikaingia. Sasa hivi nina akaunti saba na majina hayafanani, kwingine nimeandika jina langu, kwingine jina la mwanangu, kwingine nimeandika Kiingereza nikaweka 255 mbele kwa sababu jina nililotaka nilikuta mtu kashalichukua. Juzi mteja aliniambia alinitafuta siku mbili akakata tamaa akaenda kwa fundi mwingine.

Ngoja nikueleze ukweli wote maana nimechoka kuficha. Kuna mtu alinitangazia kwamba anauza wafuasi, nikampa elfu 20, asubuhi naamka nakuta nimeongezeka 5,000, majina ya nchi nisizozijua, wengi hata picha hawana. Nikafurahi wiki moja. Baada ya hapo nikiposti gauni napata laiki 14, zamani nikiwa na watu 400 nilikuwa napata 60. Halafu kwa kuwa akaunti saba zinataka kulishwa kila siku na mi gauni moja nalishona siku tatu, nikaanza kuchukua picha za mafundi wa Nigeria na Ghana naweka kama zangu. Dada mmoja akaja na picha niliyoposti mwenyewe, anataka vilevile, nikashindwa kumwambia ile si kazi yangu, nikashona nikabahatisha, akavaa akajiangalia kwenye kioo akaninyamazia tu. Ule ukimya nausikia mpaka leo.

Kuna siku mwanangu alilala chini ya meza ya kukatia, juu ya mabaki ya vitenge, nikarekodi sekunde 11 tu, miguu yake imetokeza na cherehani inasikika juu. Nikaiweka TikTok usiku, kesho yake watu 310,000 wameiangalia. Nilitetemeka kwa furaha Anti. Ila komenti zote ni mtoto mzuri, mtoto wa kike au wa kiume, tuletee mtoto. Oda hata moja hakuna. Na toka hapo nikiposti nguo haiendi, nikimposti mtoto inaenda, kwa hiyo nikawa namuweka tu, mume wangu akaniuliza hivi we unauza nguo au unamuuza mtoto, tukanuniana siku nne.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Kuna binti alinipa kazi ya gauni la sendoff, laki na 80, alitoa kianzio laki moja. Nilihangaika na lile gauni, lesi ya zambarau, mkia mrefu, shanga nimezipachika kwa mkono usiku mbili. Nikamaliza Jumatano, sendoff Jumamosi. Nilivyolivalisha mdoli likapendeza mno, nikashindwa kujizuia, nikarekodi, nikaandika hili ndo gauni la sendoff ya Jumamosi hii na jina lake la kwanza nikaweka. Watu wa upande wa mwanaume wakaliona, wifi yake akalituma kwenye grupu la familia wakalijadili mpaka basi. Binti alinipigia analia, akaniambia, "Umenivua nguo kabla sijaivaa." Alilivaa kwa kuwa hakuwa na lingine, ila 80,000 iliyobaki kagoma kulipa, na kawaambia wenzake, watu wawili wamekuja kuchukua vitambaa vyao havijakatwa.

Mwezi uliopita nilipata oda tisa tu. Sita ni watu walioona nguo zangu kwenye stetasi za wateja wangu, wawili majirani, mmoja alitoka Instagram. Zamani nilikuwa nafika kumi na nane. Zamani naamka saa 11 alfajiri nakata vitambaa kabla mtoto hajaamka, sasa naamka saa hiyohiyo nasoma komenti. Bando la wiki naliua kwa siku mbili.

Mama mdogo ananiambia kizuri chajiuza kibaya chajitembeza, mbona we unajitembeza. Rafiki yangu ananiambia nimlipe kijana mmoja 150,000 kwa mwezi aniendeshee zote saba. Mume anataka nizifute zote. Na mi nauliza, ni lazima nioneshe sura yangu na nyumba yangu na mwanangu ndo watu wanijue? Na laini ninayotumia kwenye WhatsApp ya kazi ilisajiliwa na kaka yangu kipindi kile namba yangu ya NIDA haijatoka, yeye sasa yuko Songea, sijui kama na hilo ni tatizo.

Naomba unisaidie Anti.

Fundi wa Kihonda

*

Marahaba mwanangu.

Kabla hatujagusa hiyo simu tumalize la bibi harusi, kwa sababu hata ukipanga akaunti zako vipi, Morogoro ni mji ambao watu wanajuana, na huyo binti ana mashoga na mashoga wana harusi zao zinakuja. Ulichofanya kinauma kuliko unavyodhani. Gauni la sendoff linafichwa kwa sababu dakika ile ya kuingia ukumbini, muziki umepigwa, watu wote wamegeuza shingo mlangoni, haijirudii tena maishani. Ile dakika aliilipia, we ukaigawa bure Jumatano usiku. Kwa hiyo 80,000 usiidai. Nenda kwake kwa miguu yako, usimpigie, usimwandikie, na simu iache nyumbani. Mwambie nimekuja kukuomba msamaha, gauni lilikuwa lako na mimi nilikuwa fundi tu, nimeshaifuta video na nimewaomba walioisambaza waifute, na hela iliyobaki hunidai wala sikudai. Usijitetee kwamba lilipendeza. Akikufukuza, kubali kufukuzwa, umefika na ameona umefika.

Na kuanzia leo kwenye daftari lako la oda, pale unapoandika kifua, kiuno, nyonga na tarehe ya kuchukua, ongeza mstari mmoja: picha. Mteja akijibu hapana unaandika hapana, akisema baada ya sherehe unaandika tarehe ya sherehe. Utashangaa wengi watakukubalia, na wengine watakutumia wenyewe picha za ukumbini zikiwa nzuri kuliko za mdoli, maana gauni likiwa ndani ya mtu na mtu kafurahi ndo linaongea. Tena nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, jina la mtu na sura yake si vitu vya kuweka hadharani bila yeye kuridhia. Lakini hata sheria isingekuwepo ningekwambia hivihivi.

Haya, sasa tuje kwenye akaunti saba. Jibu lako umeliandika mwenyewe kwenye barua labda hukuliona. Oda tisa, sita zimetoka kwenye stetasi za wateja waliovaa nguo zako. Sita kati ya tisa! Halafu mmoja Instagram. Ile TikTok iliyokutetemesha na watu wake laki tatu haijakuletea hata pindo la skati. Kwa hiyo usiniulize mtandao gani mzuri, daftari limeshakujibu. Watu wako wako WhatsApp, na hawaangalii unachoposti wewe, wanaangalia shoga yao alivyopendeza kisha wanamuuliza umeshona wapi. Hapo ndo mama yako mdogo yuko sahihi na amekosea kidogo kwa pamoja. Kizuri kinajiuza kweli, ila zamani kilijiuza kwa kutembea mtaani, mtu analiona gauni kanisani akitoka anamshika mwenzie mkono anamuuliza fundi nani. Siku hizi lile swali linaulizwa kwenye stetasi usiku wa saa nne, na yule mteja wako akijibu "fundi fulani yuko Kihonda" muulizaji anakutafuta, anakuta majina tofautitofauti, siku mbili hajakupata anaenda kwingine. Hapo ndo panapovuja mwanangu, huko kulisha akaunti kila siku wala siko.

Basi anza na jina. Moja tu. Chukua lile ambalo watu mtaani wanakuita, lile mteja analitamka bila kufikiri, ukikuta limechukuliwa ongeza neno moro au fundi mwishoni na libaki hivyohivyo kila mahali, herufi kwa herufi, na picha ya mbele iwe ileile kila mahali. TikTok inakuruhusu kubadilisha jina mara moja tu ndani ya siku 30 kwa hiyo hakikisha kwanza linapatikana kote ndo uguse. Jina la mwanao liondoe kabisa, si jina la biashara hilo, ni lake, atalitumia akikua.

Halafu WhatsApp iwe ndo duka lako. Nakusisitiza hapa kwa sababu wengi wanaidharau wanaona ni ya kuchati tu. Stetasi inakaa masaa 24, na anayeiona ni yule ambaye we unayo namba yake NA yeye kaisevu yako, pande zote mbili. Sasa jiulize katika wateja wote uliowashonea tangu 2021, wangapi wamekusevu? Wengi wanakutafuta kwenye historia ya simu zilizopigwa wakikuhitaji, basi. Mteja akija kuchukua nguo, kashaivaa, yuko mbele ya kioo anajigeuza, anacheka mwenyewe, hapohapo mwambie dada nisevu nione, na we msevu palepale andika jina na alichoshona. Hiyo dakika moja ni bora kuliko video kumi. Kuna na ile orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi kwa mpigo, inachukua watu 256, na yenyewe inamfikia tu aliyekusevu. Hiyo usiichezee kila siku watu watakublok, itumie labda mara moja kwa mwezi, vitenge vipya vimeingia, au Desemba kabla hujafunga kupokea oda za Krismasi. Na kwenye ile WhatsApp ya biashara kuna sehemu ya katalogi, weka nguo zako nane tu ulizoshona kwa mikono yako na bei zake.

Bei, mwanangu. Weka bei! Hii tabia ya "bei njoo inboksi" inawachosha watu vibaya sana, mtu ana 60,000 yake anaogopa kuuliza asije akaaibika, anapita. Andika gauni la kitenge kuanzia kiasi fulani, sendoff kuanzia kiasi fulani, kianzio kiasi fulani, siku ngapi. Asiyeweza atajua, anayeweza atakuja keshajiandaa.

Instagram usiifute, ifanye iwe albamu. Mtu akishasikia jina lako huko WhatsApp ataingia Instagram kuhakikisha kama upo kweli na kazi yako ikoje, anakaa dakika mbili anatoka. Kwa hiyo usiwaze kuposti kila siku, waza hizo dakika mbili. Unaruhusiwa kubandika posti tatu pale juu kabisa. Moja iwe gauni limevaliwa na mtu aliyeridhia. Ya pili ligeuze gauni nje ndani, onesha bitana, onesha zipu ilivyolala, onesha mshono wa ovaloki ulivyonyooka, maana wanawake tunaojua nguo tunaangalia ndani kwanza. Ya tatu iwe maelezo, upo wapi, bei, vipimo vinachukuliwaje kwa aliye mbali na mzigo unatumwaje. Na usisahau tangu Juni 2024 treni ya SGR inatoka Dar mpaka Moro, mtu wa Dar anaweza kuja kupimwa Jumamosi na jioni akarudi kwake, hilo liandike, wateja wa Dar ni wa kwako pia.

Zile picha za mafundi wa Nigeria na Ghana zifute leo, usingoje kesho. Najua zitabaki posti chache. Ziache ziwe chache. Mteja akija na picha ya fundi mwingine si kosa, mafundi wote wanashona kwa picha, ila mwambie mbele ya kitambaa, huu mshono si wangu, kitambaa hiki ni kizito kuliko kile cha kwenye picha, hapa kwenye bega patakaa hivi. Akikubali kakubali anachokijua. Yule dada aliyenyamaza mbele ya kioo, kama una namba yake, mpigie umwambie alete lile gauni ulifungue ulirekebishe bila malipo.

Wafuasi wa elfu 20 ndo waliokushusha kutoka laiki 60 mpaka 14, wala hujarogwa. Mtandao ukipokea posti yako unawaonesha kwanza baadhi ya watu wako, ukiona hawashtuki unaona haina maana hauipeleki mbali. Sasa we umejaza sebule watu ambao hawapo. Instagram inakuruhusu kumtoa mfuasi mmojammoja, ni kazi ya kuchosha, toa 50 kila ukisubiri pasi ipate moto, hata ikichukua miezi. Usiogope namba kushuka. Watu 400 wanaojua kiuno chako cha gauni kinakaaje wanakutosha kuanza upya.

TikTok, hapa nikuambie kwa utaratibu kwa sababu najua ndo imekushika moyo. Ile ni barabara, watu wanapita, wengine wako Mombasa, wengine Bukavu, wengine Muscat, anakuona anacheka anaendelea na safari yake. Si vibaya kuwepo barabarani lakini usihamishie cherehani huko. Na kama kuna mtu kakudanganya kwamba watazamaji laki tatu wana hela, mpango wa TikTok wa kuwalipa watengeneza video kwa kutazamwa uko kwa nchi chache tu na Tanzania haimo. YouTube nayo inataka wafuasi 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90, ndo ianze kukugawia hela ya matangazo. Hela yako we iko kwenye kitambaa. Ukitaka kuweka kitu TikTok weka mikono yako. Weka simu juu ya kopo la nyuzi, irekodi mikono tu unavyopachika zile shanga, unavyopiga pasi mshono wa nyuma ukalala, sauti yako ikieleza kwa nini unafanya hivyo. Sura si lazima, nyumba si lazima, watu wakishaijua mikono yako na sauti yako wameshakujua. Video hiyohiyo ipeleke Instagram, ila isevu kabla hujaiposti TikTok, kwa sababu ikishabeba ile nembo ya TikTok Instagram hawaipeleki mbali, walishasema hivyo wenyewe tangu 2021.

Facebook iache iwepo maana mama zetu na vikundi vya kanisani wako kule, unaweza kuiunganisha na Instagram ukiposti huku inaenda na kule. YouTube na X, kama X inafunguka, badilisha jina tu liwe lile moja, Threads yenyewe inafuata jina la Instagram, andika posti moja ya mwisho kwamba napatikana WhatsApp namba hii, halafu ondoa hizo apu kwenye simu. Usizifute akaunti zenyewe, jina lako asije akalichukua mtu mwingine akatapeli watu nalo.

Sasa mtoto. Mumeo ameuliza swali gumu kwa hasira lakini swali ni la kweli. Watu 310,000 wanaijua miguu ya mwanao, wanajua na unaishi mji gani, na wanakwambia tuletee mtoto. Hao huwajui. Ziondoe zote, hata ile iliyopendwa, kama unataka kumbukumbu ihifadhi kwenye simu yako. Najua kufuta ile moja itauma kwa sababu ndo siku pekee uliyojisikia umeonekana, na mwenye kukwambia haiumi hajawahi kukaa na kazi yake usiku mzima akaposti akapata laiki 14. Lakini ilionekana miguu ya mtoto, mshono wako haukuonekana. Na kwa mumeo rudi umwambie ulikuwa na haki ya kuuliza, halafu umuoneshe hili daftari la oda, muone wote wawili sita zimetoka wapi. Akiona hivyo hatokwambia tena ufute zote.

Laini ya kaka yako ndo kitu kilichonifanya nishike kifua. Laini ni ya mwenye alama ya kidole. Kaka yako akigombana na mtu, akifa, Mungu amuepushe, au mtu akamrubuni akaenda kurudisha laini, duka lako lote limeenda. Nakuambia kwa sababu yalinikuta. Mimi niliuza vitenge Kariakoo, nilikuwa na ukurasa una watu 23,000, nimeujenga tangu 2014, simu ikaibiwa, laini niliyofungulia ilikuwa si ya jina langu na mwenye jina keshahama mji, nikahangaika miezi miwili sikuupata tena. Kilichoniokoa ni daftari la jalada jekundu lililokuwa na majina 140 na namba zao, watu walionunua kwangu, nikakaa chini nikaanza kupiga mmoja mmoja. Kwa hiyo we sajili laini kwa NIDA yako, piga *106# uhakikishe imeandikwa jina lako, halafu ndani ya WhatsApp kuna sehemu ya kubadilisha namba, inahamisha mazungumzo yako na magrupu na inaweza kuwajulisha watu wako kwamba umehama. Fanya hivyo ile laini ya kaka ikiwa bado hewani. Ukimaliza weka uthibitisho wa hatua mbili, ile pini ya tarakimu sita, na mtu yeyote akikuomba namba ya siri iliyoingia kwa meseji, hata akiwa dada yako wa tumbo moja, usimpe, mpigie kwanza umsikie sauti.

Na daftari lako la namba usiliache. Tarehe 4 Oktoba 2021, Jumatatu jioni, Facebook, Instagram na WhatsApp vilizimika pamoja dunia nzima masaa kama sita. Mei 2025 X ikafungwa hapa kwetu. Oktoba 2025 siku ya uchaguzi intaneti ikakatika nchi nzima kwa siku kadhaa, na waliokuwa na harusi wiki ile nguo zao zilikuwa kwa mafundi. Fundi mwenye namba kwenye karatasi alipiga simu ya kawaida akamwambia mteja njoo, nguo iko tayari.

Kijana wa 150,000 usimchukue sasa hivi. Si kwamba kazi yake haina maana, ila atakulishia akaunti saba na we unahitaji mbili na nusu. Hiyo hela ukiipata mtafute binti wa kukusaidia kukunja pindo, kupachika vifungo na kupiga pasi, ndo urudi kwenye oda 18 na bado ulale. Simu ipe saa moja Jumatatu mchana wakati wateja hawaji, rekodi za wiki nzima hapohapo, na jioni dakika 20 za kujibu watu. Saa 11 alfajiri irudishe kwa mkasi kama zamani, simu ilale chumba kingine.

Kitu cha mwisho, na hiki sikioni kwenye barua yako kabisa. Nguo zako zina lebo? Nenda pale wanapotengeneza lebo za kitambaa, chapa jina lako lile moja na namba ya simu, kapachike ndani ya shingo pale nyuma, mshono mdogo usiokwaruza. Mtu akiulizwa umeshona wapi ukumbini, kelele za muziki, hasikiki, anageuza shingo anamuonesha mwenzie. Ya kwanza kabisa shona kwenye gauni la mama yako mdogo, Jumapili aende nalo kanisani.

Anti